Je, Malkia Fatuma wa Unguja Alikuwa Msaliti?

Katika mjadala wetu wa chama kulizuka zogo. Mwenzetu mmoja kutoka Pate alisema Malkia Fatuma aliwauza Waislamu wenziwe kwa Wareno. Kisha akanigeukia mimi, mtu wa Faza, "Na nyinyi vilevile!" Darasa zima likacheka. Nami nilicheka, lakini nilikwenda maktaba kutafuta la kujibu.

Hebu kwanza tutazame hali ilivyokuwa pwani. Wareno walikuwa Wakristo, Waomani Waislamu, na kila mji ulilazimishwa kuchagua. Sisi wa visiwa hivi twajua gharama ya kuchagua. Mwishoni mwa 1678 Pedro de Almeida, mtawala wa Kireno kutoka Goa, aliishika Pate, na wafalme wa Pate, Siyu, Manda na Lamu wakakatwa vichwa. Punde merikebu za Oman zikatokea, naye mwanzoni mwa 1679 akaenda zake. Vichwa, lakini, havikurudi.

Unguja nayo ilikuwa imeonja. Malkia Mwana Mwema alijiunga na Waomani walipowashambulia Wareno kisiwani mwaka 1652. Wareno wakarudi kulipiza kisasi na kumfukuza mjini mwake. Kwa hiyo Fatuma alipokalia kiti, alikwishajua kwamba kuwa wa dini moja na Oman hakukumpa mtu ngao.

Machi 1696 Waomani waliizingira Ngome ya Yesu, Mombasa. Pate ilikuwa upande wao. Fatuma, Mwislamu, akawapelekea chakula waliokuwa ndani ya ngome. Ati kwa kupenda msalaba? Mimi siamini. Unguja ilikuwa na chakula cha kuuza na Wareno walikuwa wanunuzi wa miaka mingi. Tena aliyekuwa akija kutoka kaskazini hakuwa mgeni wa kupita, alikuja kukaa.

Wala hakuwa peke yake, na hapa ndipo nilipomrudia mwenzangu. Mwaka 1697 maradhi yaliwamaliza Wareno ngomeni. Aliyeishika ngome hiyo mpaka msaada ukafika alikuwa Bwana Daudi wa Faza, pamoja na kundi dogo la Waswahili, wanaume kwa wanawake. Faza na Pate ziko kisiwa kimoja, zasali kibla kimoja, lakini zilikuwa na ugomvi wao wa zamani. Basi tusiseme dini ndiyo iliyowagawa watu; mara nyingi ilikuwa jirani.

Nakubali kwamba Fatuma alishindwa. Ngome ilianguka Desemba 1698, Unguja ikatekwa, naye akapelekwa uhamishoni Oman kwa muda wa miaka kama kumi. Mwalimu aliniuliza, "Sasa nchi aliiimarisha vipi?" Swali gumu. Jibu langu ni kwamba alirudishwa, akatawala tena chini ya Waomani walewale aliowapinga, na mwanawe Hassan akarithi. Cheo cha Mwinyi Mkuu kilidumu Unguja hadi 1873. Inaelezwa kuwa jumba lake lilikuwa pale ambapo Seyyid Barghash alijenga Beit al-Ajaib mwaka 1883.

Yule mwenzangu wa Pate bado hajakubali. Asema chakula kile kiliurefusha mzingiro, na waliokufa kwa njaa na maradhi walikuwa Waswahili pia. Kwa hilo sina la kumjibu.