Jeraha Lisiloonekana

Mjini Kisangani watu wengi husafiri kwa toleka. Neno hilo ni la Kilingala, maana yake "tupite". Zamani toleka ilikuwa baisikeli yenye mto wa kukalia nyuma. Siku hizi pikipiki nazo hufanya kazi hiyo.

Kijana mmoja wa Mangobo alikuwa na pikipiki ya toleka. Siku moja mvua ilinyesha, barabara ikawa na utelezi, naye akaanguka. Hakuvaa kofia ngumu. Kichwa kiligonga chini, lakini damu haikutoka. Akainuka, akacheka, akaenda nyumbani. Jioni alianza kutapika na kusinzia ovyo. Mama yake hakungoja asubuhi. Alimpeleka hospitali usiku ule ule. Alifanya vema, kwa maana dalili hizo ni za hatari sana.

Baada ya majuma matatu kijana alirudi. Majirani wakasema, "Amepona." Lakini akitumwa sokoni kununua chumvi, samaki na sombe, alirudi na chumvi tu. Watoto wakipiga kelele kichwa kilimwuma, akakasirika upesi, yeye aliyekuwa mpole. Mwezi wa tano alianguka kifafa. Basi watu wakaanza kunong'ona kwamba amerogwa.

Sista muuguzi wa zahanati alimweleza mama yake hivi: "Mama, hakurogwa. Ubongo ni laini, na fupa la kichwa ni gumu. Kichwa kikigongwa kwa nguvu, ubongo hutikisika na kugonga fupa hilo kwa ndani, hata kama ngozi haikupasuka. Ndani yake mna nyuzi nyembamba sana, nazo hukatika. Mfupa wa mkono ukivunjika huunga; nyuzi hizo haziungi vivyo hivyo. Kifafa huweza kuja baada ya miezi, hata miaka. Kina dawa, naye asiache kuimeza. Akianguka, mlazeni kwa ubavu, wala msimtie kijiko kinywani."

Pikipiki haendeshi tena, kwa sababu kifafa kingeweza kumshika njiani. Sasa hukaa chini ya mwembe, akiziba mipira ya baisikeli iliyotoboka. Mfukoni ana daftari. Mdogo wake, mwanafunzi wa darasa la tano, humwandikia humo vitu vya kununua. Mwanzoni mtoto huyo alimwogopa.

Leo asubuhi kaka alimwuliza mara tatu, "Leo ni siku gani?"

Mara tatu alijibiwa, "Jumatano, yaya."