Mtume, Mtumwa na Mtumishi

Lugha yetu ya Kiswahili ina maneno matatu yafananayo kama watoto wa tumbo moja: mtume, mtumwa na mtumishi. Mzizi wa yote ni mmoja, ndio kule kutuma na kutumwa. Mtume huheshimiwa, hata jina lake twaliandika kwa herufi kubwa, mtumwa hudharauliwa, naye mtumishi yuko katikati, kila mtu akimvuta upande autakao. Siku hizi wako watu wanaopenda kuitwa Mtumishi kwa sauti kuu mbele ya mkutano, wakiisha kushuka katika motokaa na kufunguliwa mlango. Tena wako wengine waitwao watumishi, nao hawajapata kuketi meza moja na watu wa nyumba wanayoitumikia. Jina ni lile lile, hali hazifanani hata kidogo. Tumeona yafaa kulichungua jambo hili, kwa kuwa kila Mkristu ameitwa kuwa mtumishi, naye aweza kuzeeka bila kujua ni mtumishi wa namna gani.

Twaanza na Alhamisi Kuu. Katika nchi ya Bwana wetu watu walitembea kwa viatu vya kanda, na vumbi lilikuwa jingi. Mgeni alipoingia, maji ya miguu yalikuwa ya lazima, na kazi ya kumwosha ilikuwa ya yule aliye chini ya wote nyumbani. Kwa hiyo Bwana Yesu alipoondoka mezani, akajifunga kitambaa na kuinama mbele ya wanafunzi wake, Petro alikataa. Sisi twazoea kumwona Petro kuwa mtu mwenye papara. Lakini safari hii alielewa vizuri kuliko sisi. Aliona kazi ya mtumwa ikifanywa na Bwana, akastuka. Leo padre aosha miguu kumi na miwili, nayo imekwisha kuoshwa na kusuguliwa nyumbani kwa ajili ya siku hiyo, wala hakuna astukaye. Mtume Paulo, alipowaandikia Wafilipi, alisema pasipo kuzungukazunguka kwamba Mwana wa Mungu alitwaa hali ya mtumwa. Hakutafuta neno laini zaidi. Na Mtakatifu Gregori Mkuu, aliyekuwa Baba Mtakatifu tangu mwaka 590 hata 604, alijiita mtumishi wa watumishi wa Mungu, na Mapapa waliomfuata wamelishika jina hilo katika hati zao.

Lakini katika nchi yetu hatuwezi kulitaja neno mtumwa kana kwamba ni mfano tu wa mahubiri. Njia ya misafara ilitoka Ujiji, ikapita Tabora, ikafika Bagamoyo, na watu walitembezwa humo wamefungwa shingo. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na hapa Tanganyika utumwa haukukatazwa kabisa na sheria mpaka mwaka 1922. Babu za babu zetu wengine walifungwa minyororo. Na wengine, tuseme kweli, waliwafunga wenzao. Mtu akisikia kanisani kwamba yampasa kujifanya mtumwa wa jirani yake, moyo wake waweza kukataa, na hatumlaumu. Ana haki ya kuuliza: Je, Kanisa latutaka turudi tulikotoka?

Jibu twaliona katika maisha ya mtu mmoja aliyeyajua mambo yote mawili, utumwa na utumishi, na kaburi lake liko kwetu. Huyo ni Adrian Atiman wa Karema.

Alizaliwa yapata mwaka 1866 karibu na mto Niger, upande wa Timbuktu, mbali sana na sisi. Akiwa bado mtoto mdogo aliibwa, akauzwa, akapelekwa kaskazini kupita jangwa la Sahara, mpaka Algeria. Huko Mapadre Weupe wa Kardinali Lavigerie walimkomboa kwa fedha. Wazazi wenye watoto wa umri wa kuanza shule na wafikiri kidogo: mtoto asiye na baba wala mama karibu, mwenye bei kama mbuzi. Mapadre walimlea na kumsomesha, naye akabatizwa. Kisha alipelekwa kisiwa cha Malta pamoja na vijana wengine waliokombolewa kama yeye, wajifunze uganga wa kizungu. Yalikuwa mawazo ya Kardinali kwamba Waafrika wenye elimu ya utabibu wakae pamoja na Waafrika wenzao, wawaponye na kuwafundisha dini, bila kuwa mapadre na bila kuwa Wazungu.

Mwaka 1888 masomo yake yalikwisha. Mwaka huo huo Kardinali Lavigerie alizunguka miji mikubwa ya Ulaya akihubiri juu ya ukatili wa biashara ya watumwa katika Afrika. Atiman hakuzunguka naye. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, huru, mwenye elimu waliyokuwa nayo Waafrika wachache sana wakati ule. Akaingia katika msafara wa wamisionari, akashuka pwani yetu, akatembea kwa miguu ile ile njia iliyowaleta watumwa, ila yeye alielekea bara. Mwaka 1889 alifika Karema, kando ya ziwa Tanganyika, mahali ambapo leo pako katika mkoa wa Katavi. Hapo palikuwa na boma lililoanzishwa mwaka 1879 na chama cha Mfalme Leopold wa Ubelgiji, nalo lilikuwa limekwisha kukabidhiwa Mapadre Weupe.

Hakuondoka tena. Alioa binti wa huko, jina lake Agnesi, na mwana wao Yosefu akapewa upadre mwaka 1923. Mwaka 1946 habari za maisha yake, alizoziandika mwenyewe, zilichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Alikufa huko huko Karema mwaka 1956. Tukihesabu, ni miaka 67 ya kutibu wagonjwa na kufundisha katekisimu mahali pamoja. Katika miaka hiyo serikali ya Wajerumani ilikuja ikaenda, Waingereza walikuja nao wakawa karibu kwenda, vita kuu mbili zilipigana na kwisha. Wakubwa wa dunia walimpa nishani, na leo hospitali ya jimbo huko Sumbawanga yaitwa kwa jina lake. Hayo yote ni mema. Lakini sisi twapenda zaidi kuzifikiri zile asubuhi ambazo hakuna aliyeziandika: foleni ya watu mlangoni, kidonda chenye usaha, mtoto mwenye homa, mzee asiyeshukuru, kesho yake, foleni tena.

Sasa na tutazame. Kuosha kidonda kinachonuka ni kazi ambayo bwana mwenye watumwa angalimwagiza mtumwa wake. Atiman aliifanya kazi ile ile akiwa mtu huru. Kwa hiyo tofauti ya mtumwa na mtumishi haimo katika kazi yenyewe, kwamba hii ni ya heshima na ile ni ya aibu. Mtumwa ametwaliwa, mtumishi amejitoa. Mtumwa hana pa kwenda. Mtumishi angeweza kwenda, akabaki. Ndiyo maana Bwana wetu kabla ya mateso yake alisema kwamba hakuna amwondoleaye uhai wake, bali yeye mwenyewe autoa. Nani angeweza kumlazimisha aushike mguu wa Petro?

Tukiisha kulijua hilo, twaweza kuupima utumishi wetu wenyewe. Katika parokia zetu kazi hazikosi watu zikiwa za kuonekana. Mwenyekiti hupatikana, mweka hazina hupatikana, na wa kuwakaribisha wageni siku ya Askofu hupatikana hata watatu. Penye msiba twafika wote, tena kwa haraka, na huo ni uzuri wa watu wetu. Wala hatutaki upungue. Lakini marehemu huyo pengine alilala kitandani miezi sita kabla ya kufa, na katika Jumuiya yake Ndogo ya Kikristo walimtazama watu wawili tu: mama mmoja mzee, na mke wa jirani ambaye si Mkatoliki. Turubai lilipatikana, sufuria kubwa zilipatikana. Wa kumgeuza mgonjwa kitandani hakupatikana.

Lakini jambo ambalo hasa tulikusudia kulisema leo limo nyumbani, si parokiani. Katika nyumba nyingi za Wakatoliki, hasa mijini, yumo binti wa kazi. Mara nyingi ametoka kijijini. Mara nyingine ni mtoto wa jamaa wa mbali, wazazi wake waliahidiwa kwamba atasomeshwa, na shule haijatajwa tena. Huamka kwanza, hulala mwisho. Hula kilichobaki, tena jikoni. Mshahara wake ukicheleweshwa hana pa kuuliza, na pengine huambiwa kwamba umetumwa kwa wazazi wake. Ikivunjika sahani, ni yeye. Ikipotea fedha, ni yeye. Twaomba kila nyumba ijiulize kwa utulivu, pasipo hasira juu yetu: Je, huyu ni mtumishi au ni mtumwa? Anaweza kuondoka akitaka? Yaliyo yake anayapata?

Hapo mwanzo wa Kanisa, Yerusalemu, wajane waliosema Kigiriki walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa chakula wa kila siku. Watu wao walinung'unika. Mitume hawakuwagombeza kwa kunung'unika, wala hawakuwaambia wamtolee Mungu mateso yao. Waliagiza wachaguliwe watu saba wenye sifa njema wa kuisimamia kazi hiyo, na majina ya wote saba ni ya Kigiriki. Manung'uniko yalisikilizwa hata waliokabidhiwa ugawaji, kwa kadiri majina yao yaonyeshavyo, walitoka upande wa walionung'unika. Wajane wale walikuwa na watu wa kuwasemea. Binti wa kazi, watu wake wako safari ya siku mbili, na simu aliyo nayo, kama anayo, ni ya kuazimwa.

Wengine watasema: huyu twamlisha, twamvika, kwao hali ni mbaya zaidi. Yawezekana ni kweli. Lakini wenye watumwa nao walisema hayo hayo, neno kwa neno. Na Mtume Paulo, alipomrudisha Onesimo kwa bwana wake Filemoni, hakutaka kujua kama alikuwa akila vizuri. Alitaka apokewe kama ndugu.

Tena liko jambo la Dominika. Tukiisoma Amri ya Mungu juu ya siku takatifu, kama ilivyoandikwa katika kitabu cha Kutoka, sura ya 20, twaona kwamba haikumwamuru baba wa nyumba apumzike peke yake. Yawataja mwana na binti, yamtaja mtumwa na mjakazi, yawataja hata wanyama na mgeni aliye malangoni. Mungu aliwajua wenye nyumba: asipowataja wale wa chini kwa jina, hawatakumbukwa. Papa Leo wa 13, katika barua yake ya mwaka 1891 juu ya hali ya wafanyakazi, aliidai haki hii ya mapumziko pamoja na haki ya mshahara wa kutosha. Na hata Shirika la Kazi Duniani, ambalo si kanisa, katika mkataba wake namba 189 wa mwaka 2011, lasema kwamba mtumishi wa nyumbani anastahili kupumzika saa 24 mfululizo kila juma, zisizopungua.

Ilhali kwetu ni desturi hii: Dominika asubuhi watu wa nyumba wote wamevaa vizuri, wanakwenda Misa, binti amebaki. Tena hiyo ndiyo siku yake ya kazi kubwa, kwa kuwa wageni watakuja mchana, na sare za shule hazina budi kufuliwa kabla ya jua kuzama. Alibatizwa huko kwao, alipata Komunyo ya kwanza, pengine aliimba kwaya. Ana mwaka wa pili sasa hajaonekana kanisani, na jina lake halimo katika kitabu cha jumuiya, maana alipohesabiwa watu wa nyumba hiyo yeye hakuhesabiwa. Siku mojawapo ataandikwa miongoni mwa Wakristu waliolegea.

Tumesikia udhuru mwingi juu ya hili, na mwingi hausimami. Parokia nyingi za mijini zina Misa mbili au tatu kila Dominika. Basi, akienda binti Misa ya kwanza, mtu mwingine abaki na mtoto mchanga na chungu kilicho motoni, kisha naye aende Misa ya pili. Mama amekwisha kufanya zamu nyingi katika maisha yake. Twamwuliza baba wa nyumba, ambaye pengine ni mmoja wa wale kumi na wawili waliooshwa miguu Alhamisi Kuu iliyopita: Dominika ijayo, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, maharage yakianza kuchemka na mtoto akianza kulia, wewe utakuwa wapi?