Somo la Jikoni: Kisamvu na Kinu Chake



Mtoto wa Kibaha au Kisarawe huanza kula kisamvu kabla hajajua kukitaja. Huenda wengine watauliza, basi kuna nini cha kufundishana? Tumeona ni vema tufundishane, maana siku hizi wapishi wengi wana haraka, na mboga hii haitaki haraka. Mchicha au matembele ukivipika dakika chache tu, unakula salama. Kisamvu sivyo.

Majani ya muhogo yana kitu kinachotoa sumu iitwayo sianidi. Wala usidhani kwamba muhogo ukiwa mtamu, basi na majani yake hayana sumu. Muhogo mtamu nao huwa na sumu majani mwake.

Hapo ndipo kinu kinapoingia. Wengi hufikiri tunatwanga ili mboga ilainike tu. Ndani ya jani, kile chenye sumu na kimeng'enya kinachoifungua hukaa mbalimbali, kama majirani wawili wenye ukuta kati yao. Mchi ukiubomoa ukuta, wanakutana, na sumu inafunguka. Sumu hiyo huchemka kwenye nyuzi 26 tu za sentigredi, kwa hiyo katika sufuria iliyo wazi huondoka na mvuke. Lakini jani zima, au lililokatwa kwa kisu, likitiwa katika maji ya moto, joto hukiua kimeng'enya kabla hakijamaliza kazi, na sumu nyingi hubaki imefungwa. Bibi zetu wa Uzaramo hawakusoma kemia, lakini walitwanga kwanza. Mashine za kusagia za sokoni hatuzikatai, nazo huvunja jani vizuri. Tunachokataa ni kisu.

Chuma majani machanga ya juu, toa vikonyo, osha, kisha twanga pamoja na punje chache za kitunguu saumu mpaka yawe laini kabisa. Yaache kidogo. Bandika na maji mengi, yachemke kwa muda usiopungua nusu saa, bila mfuniko. Tunajua mkaa ni ghali na mfuniko huokoa moto, ila hapa mfuniko huirudisha sumu chunguni. Kama unataka kuokoa mkaa, chemsha kunde zako mapema pamoja na chakula kingine. Magadi usitie, huharibu vitamini.

Maji yakikaribia kukauka, tia kunde zilizoiva, kitunguu, chumvi na tui la pili. Likipungua, tia tui la kwanza, punguza moto na koroga polepole upande mmoja, lisije likakatika. Anayependa karanga atie karanga badala ya nazi, ingawa sisi watu wa Pwani tutamtazama kwa jicho la pembeni.

Nazi si ya ladha tu. Kisamvu kina protini nyingi kuliko mboga nyingi za majani, na kina asili ya vitamini A, ambayo mwili hauwezi kuipokea vizuri pasipo mafuta. Kwa mtoto aliyeachishwa ziwa, mboga hii na dagaa kidogo ni msaada mkubwa.

Dagaa tumewataja kwa makusudi. Mwili huiondoa sianidi kidogo inayobaki kwa kutumia protini yenye salfa, ambayo samaki, nyama na mayai wanayo. Mwaka 1985, wakati wa ukame huko Tarime, watu walipooza miguu ghafula kwa ugonjwa uitwao konzo. Wachunguzi waliuhusisha na mizizi ya muhogo mchungu iliyoandaliwa kwa haraka, ikaliwa siku baada ya siku pasipo kitoweo. Ilikuwa mizizi, si majani. Lakini sumu ni ile ile, na haraka ni ile ile.

Neno kwa wenye mashamba. Usiuvue muhogo majani yote kwa ajili ya kuuza mafungu, maana mizizi haitanenepa. Ni heri kupanda ule mti wa mpira ulioletwa wakati wa Wajerumani kwa ajili ya utomvu wake. Ni ndugu wa muhogo, na majani yake ndiyo kisamvu cha mpira. Huo hauna mizizi ya kuharibika, unaweza kuchumwa mwaka hata mwaka. Nao hutwangwa vilevile, na huchemshwa wazi vilevile.