Dondoo muhimu: Kupata namba ya rekodi uliyoingiza sasa hivi

Tuseme duka la pembejeo la Mjimwema, Songea, linamsajili mkulima, kisha linaandika mbolea aliyonunua kwenye jedwali jingine. Jedwali la mauzo linahitaji namba ambayo hifadhidata imempa mkulima huyo yenyewe. Uipateje?

• Usitumie MAX(id). Makarani wawili wakihifadhi kwa wakati mmoja, mbolea ya mkulima wa Lizaboni inaweza kuandikwa kwa wa Msamala.

• MySQL: ita LAST_INSERT_ID() mara baada ya INSERT, kwenye muunganisho uleule. Kila muunganisho hutunza namba yake, hivyo karani mwenzako hakuvurugi. Ukiingiza safu nyingi kwa amri moja, utapata namba ya safu ya kwanza tu.

• PostgreSQL: malizia INSERT kwa RETURNING id, namba inarudi papo hapo. SQLite nayo inakubali hivyo tangu toleo 3.35 la mwaka 2021.

• SQL Server: chagua SCOPE_IDENTITY(). @@IDENTITY inaweza kukuletea namba ya jedwali jingine lililoguswa na triga.

• Weka INSERT zote mbili ndani ya muamala mmoja. Umeme ukikatika katikati, ama zote zimeingia au hakuna iliyoingia.

• Namba zikiruka, usishtuke. Muamala ulioghairiwa kwa kawaida hupoteza namba yake. Kwa hiyo namba za risiti, ambazo hazitakiwi kuruka, zipangie utaratibu wake.