Jezi Mpya, Mdhamini Mpya: Lipi ni la Maoni na Lipi ni la Haki

Kila mwaka, kati ya Julai na Agosti, klabu kubwa za mpira nchini huzindua jezi za msimu mpya, na mjadala huanza siku hiyohiyo. Hapa Kigongo, wilayani Misungwi, utausikia kijiweni, kwenye kituo cha bodaboda na kwenye meza za wauza samaki: mistari imezidi, kola haipendezi, jina la mdhamini limekuwa kubwa kuliko nembo ya klabu. Wapo wanaosifu, na wapo wanaoibeza jezi ya watani wao kabla hata ya kuiona vizuri. Baada ya mjadala hufuata ununuzi. Kwa familia ya kipato cha kawaida, jezi mbili za wazazi na moja ya mtoto ni fedha ambayo ingeweza kukidhi mahitaji ya nyumba kwa siku kadhaa.

Somo hili linamhusu mlaji huyo. Halikusudii kumwambia amshabikie nani wala kumzuia kununua. Linakusudia kumwezesha kutenganisha mambo mawili ambayo vijiweni huchanganywa: jezi isiyompendeza na jezi aliyodanganywa nayo. La kwanza ni suala la maoni, nalo lina mahali pake pa kupelekwa. La pili ni suala la haki, na hapo sheria iko upande wake.

Kifua cha jezi hulipiwa na nani

Mdhamini huingia mkataba na klabu, si na shabiki. Hulipa fedha kwa miaka kadhaa, na kwa malipo hayo jina lake huandikwa kifuani mwa wachezaji. Shabiki naye, anaponunua jezi, hulipia kitambaa, ushonaji, uchapaji, usafirishaji, faida ya muuzaji na fungu linalokwenda klabuni. Tangazo lililo kifuani hulibeba bila malipo yoyote, msibani na harusini, sokoni na safarini. Kwa hiyo si jambo la kushangaza shabiki akiwa na maoni makali juu ya tangazo hilo. Ni kifua chake.

Historia ya karibuni inaonyesha jinsi majina hayo yanavyopishana. Kwa miaka kadhaa Simba na Yanga zilidhaminiwa kwa pamoja na bia ya Kilimanjaro. Mei 2017 klabu zote mbili zikaingia mkataba na kampuni ya ubashiri ya SportPesa, hata watani wa jadi, Yanga ya mwaka 1935 na Simba ya mwaka 1936, wakaendelea kuvaa tangazo moja. Mwaka 2022 Simba ikahamia M-Bet, na mwaka 2025 ikahamia Betway. Zote ni kampuni za ubashiri. Katika mashindano ya Afrika, kifua hubadilika tena. Mwaka 2021 Simba ilicheza Ligi ya Mabingwa Afrika ikiwa na maneno Visit Tanzania, na mwaka 2023 Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho ikiwa na jina la Haier, watengenezaji wa vifaa vya umeme vya nyumbani.

Maana yake kwa mnunuzi ni kwamba jezi uliyoinunua Agosti huenda isifanane kifuani na ile utakayoiona kwenye mechi ya kimataifa mwezi Februari. Kubadilika huko peke yake si udanganyifu. Jezi yako haijaharibika na muuzaji hakukosea. Lakini akikuuzia jezi ya ligi na kukuhakikishia kuwa ndiyo ya mashindano ya Afrika, au akikuuzia ya msimu uliopita kwa jina na bei ya msimu mpya, hapo ametoa maelezo ya uongo kuhusu bidhaa, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza jambo hilo. Muulize kabla ya kulipa: ni ya msimu gani, na ni ya mashindano gani? Jibu lake liandikwe kwenye risiti. Muuzaji mkweli hatasumbuka kuliandika.

Maoni nayo yana nguvu yakifika panapostahili. Vodacom ilipokuwa mdhamini wa Ligi Kuu, Yanga walikataa kuvaa nembo yenye doa jekundu, kwa kuwa nyekundu ni rangi ya watani wao, na hatimaye wakaruhusiwa kuivaa kwa rangi nyeusi. Mtu asiyefuatilia mpira atacheka kusikia kampuni kubwa ya simu ikibadili rangi ya nembo yake kwa sababu ya utani wa jadi. Ilitokea kwa sababu pingamizi lilitoka klabuni, likiwa na msimamo mmoja, si kwa sababu shabiki mmojammoja aligombana na mwenye duka. Klabu hizi zina wanachama, matawi na mkutano mkuu. Mwenye kadi anayeona jina la mdhamini limezidi ukubwa, au kwamba rangi ya klabu imepotoshwa, aanzie tawini kwake. Muuzaji wa jezi hana uwezo wa kubadili mchoro, na hawajibiki kurudisha fedha eti kwa kuwa wenzako wameicheka.

Kivuko, daraja na haraka ya mnunuzi

Kabla ya Daraja la J.P. Magufuli kufunguliwa tarehe 19 Juni 2025, magari ya Sengerema na Geita yalisubiri kivuko hapa Kigongo, na kusubiri huko kulizaa biashara. Abiria alinunua akiwa amekaa kwenye kiti, jicho moja kwenye bidhaa na jingine kwenye foleni. Leo basi hulivuka daraja hilo la kilomita tatu kwa dakika chache, na wachuuzi wengi wamelazimika kutafuta wateja kwingine. Hatufurahii hasara yao. Hata hivyo, mnunuzi wa jezi amepata kitu ambacho dirisha la basi halikumpa, nacho ni muda. Mkazi wa Busisi anaweza kwenda Mwanza mjini asubuhi, akalinganisha maduka mawili au matatu, akarejea mchana.

Utumie muda huo kuichunguza jezi mkononi. Igeuze nje ndani kwanza, maana upande wa ndani hausemi uongo kwa urahisi. Angalia kama mishono imenyooka na nyuzi hazining'inii, hasa kwapani na kwenye kola, ambako jezi dhaifu huanza kufumuka. Kisha tazama nembo na jina la mdhamini. Katika jezi nyingi rangi hupenyezwa kwenye kitambaa kwa joto, ikawa sehemu ya uzi wenyewe. Ukiivuta kidogo haipasuki. Katika nyingine maandishi hubandikwa juu kwa joto, mfano wa plastiki nyembamba. Njia zote mbili ni halali, ila maandishi yaliyobandikwa vibaya huonyesha ufa ukiyavuta kwa vidole, na kingo zake huinuka ukizipitishia ukucha. Linganisha pia tahajia ya jina la mdhamini na mpangilio wa nembo na picha zilizotolewa na klabu yenyewe kwenye kurasa zake rasmi. Wachapaji wa bandia hukosea mambo madogo: herufi imekuwa nene kupita kiasi, nyota imepungua, kijani kimeelekea kwenye bluu.

Tarehe nayo ni kipimo, na pengine ndicho rahisi kuliko vyote. Klabu huficha mchoro wa jezi hadi siku ya uzinduzi; Simba, kwa mfano, mwaka 2023 walipandisha yao hadi kilele cha Mlima Kilimanjaro ili kuizindua huko. Hata hivyo picha huvuja, na kabla ya siku hiyo kufika utakuta mtu ana "jezi mpya" begani. Kama klabu haijazindua wala kutangaza mauzo, jezi hiyo imetoka wapi? Tahadhari hiyohiyo iwepo kwa anayekutaka utume fedha kwa simu ili "akuwekee oda" ya jezi ambayo haijatangazwa. Namba binafsi ya mtu usiyemjua si duka.

Fahamu vilevile kwamba wenye haki ya kutengeneza na kusambaza jezi hubadilika. Kwa Simba, ndani ya miaka michache kazi hiyo imepita kwa Vunjabei, Sandaland na Jayrutty, huku Yanga wakiwa na GSM. Duka lililokuwa wakala halali msimu juzi laweza lisiwe wakala leo, ingawa bango lake bado liko ukutani. Klabu na msambazaji wake hutangaza mawakala wa mikoani. Hiyo ndiyo orodha ya kuifuata.

Kuna hoja ambayo hurudiwa mno vijiweni: "Mimi najua ni feki, ila ndiyo ninayoimudu." Tunaielewa, na hatumdharau anayeisema. Lakini ajue anachopoteza. Aliyenunua bidhaa bandia akijua ni bandia hawezi baadaye kudai kuwa alidanganywa. Zaidi ya hayo, chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa, kuuza bidhaa yenye nembo ya kughushi ni kosa, na mzigo waweza kukamatwa na kuteketezwa. Mchuuzi mdogo ndiye huumia zaidi hapo, kwa sababu mara nyingi naye ameuziwa na mwenye ghala aliyemwapia kuwa mali ni halisi. Mchuuzi ni mnunuzi pia. Adai risiti ya jumla kama anavyodaiwa ya rejareja. Asiyemudu jezi ya msimu mpya anaweza kusubiri: jezi halisi ya msimu uliopita, ikiuzwa waziwazi kama ya msimu uliopita, ni biashara safi na aghalabu bei yake imeshuka. Mwanza tuna Pamba Jiji pia, iliyorejea Ligi Kuu mwaka 2024 baada ya zaidi ya miongo miwili, nayo haitakasirika ikivaliwa na watu wa nyumbani.

Jezi ya mtoto

Hapa maoni na wajibu hukutana. Nchini mwetu mtu aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza michezo ya kubahatisha, na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ndiyo yenye kuisimamia sekta hiyo. Wakati huohuo mtoto wa darasa la tatu hutembea na jina la kampuni ya ubashiri kifuani, kwa fedha ya mzazi wake. Wazazi wanaolalamikia jambo hili, kwa maoni yetu, wana hoja. Huko Uingereza klabu za Ligi Kuu zilikubaliana Aprili 2023 kuondoa wadhamini wa ubashiri mbele ya jezi ifikapo mwisho wa msimu wa 2025/26, ingawa mikononi waliruhusiwa kubaki. Lakini mwenye hoja hiyo aitazame pia Kenya. Mwaka 2019 SportPesa ilipositisha udhamini baada ya mgogoro wa leseni na serikali, Gor Mahia na AFC Leopards zilibaki bila mdhamini na hali yao ya fedha ikawa ngumu. Kumwondoa mdhamini ni jambo moja, kumpata wa kuziba pengo lake ni jingine, na wanachama wanaotaka la kwanza wana haki ya kuuliza la pili kwenye mkutano mkuu.

Mzazi hahitaji kusubiri mkutano. Aulize dukani kama ipo jezi au fulana ya klabu isiyo na jina la mdhamini. Muuzaji anayeulizwa swali hilo na wateja kumi atalifikisha kwa msambazaji.

Ukiwa na lalamiko

Jezi iliyochuja au kufumuka kwa matumizi ya kawaida, yenye maelezo tofauti na uliyopewa, au iliyobainika kuwa ya kughushi, irudishe dukani mapema. Nenda na risiti, na piga picha ya kasoro kabla hujaifua tena. Tukisema matumizi ya kawaida, muuzaji ana haki ya kukuuliza ulivyoitunza: jezi hizi hufuliwa kwa maji ya baridi zikiwa zimegeuzwa, huanikwa kivulini, na pasi haipiti juu ya maandishi. Kama uliagiza jina na namba yako ziandikwe mgongoni, hutarudishiwa fedha kwa kubadili mawazo. Lakini wakikosea herufi waliyoandikiwa, kosa ni lao na marekebisho ni juu yao.

Maneno "mali ikishauzwa hairudishwi" yaliyobandikwa ukutani au kuchapwa chini ya risiti hayafuti haki yako juu ya bidhaa yenye kasoro au iliyouzwa kwa uongo. Mweleze muuzaji hivyo kwa utulivu, na umpe nafasi ya kubadilisha, kutengeneza au kurejesha fedha. Akikataa, andika malalamiko kwa Tume ya Ushindani: jina la duka na mahali lilipo, tarehe ya ununuzi, kiasi ulicholipa, maelezo uliyopewa na kasoro uliyoiona. Ambatisha nakala ya risiti. Jezi yenyewe ibaki nayo, bila kuifua wala kuishona, hadi utakapoombwa kuipeleka.