Toba Huanza Leo, Mwili Huchukua Muda



Hapa Katwe tunajua kuwa chumvi haipatikani kwa siku moja. Maji huachwa vidimbwini, jua likafanya kazi yake. Ndivyo ilivyo kwa anayeacha heroini. Toba anaweza kuileta leo, lakini mwili una muda wake.

Arosto huanza kati ya saa 8 na 24 tangu dozi ya mwisho: jasho, makamasi, maumivu ya mifupa, kutapika, kuharisha. Huwa kali zaidi siku ya pili na ya tatu, kisha hupungua ndani ya siku 10 hivi. Kukosa usingizi na hamu ya kurudia huweza kudumu miezi.

Hatari kubwa huja baada ya hapo. Mwili uliopumzika hauhimili tena kipimo cha zamani. Akikirudia, pumzi inaweza kukatika akafa.

Ndiyo maana kuna methadoni. Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kuitoa mwaka 2011. Butabika, Kampala, mwaka 2020. Mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu, mara nyingi kwa mwaka au zaidi. Kwa kipimo cha daktari, hiyo ni tiba. Tusimwambie kuwa toba yake haijatimia.

Ukiwa na ndugu wa namna hii bwenini, msitiri. Mpe maji, mpeleke hospitali, msindikize msikitini. Akiteleza, mrudie tena.

Wabillahi tawfiq.