Injini Inapandisha na Kushusha: Gavana Haina Kosa

Wanachuo wenzangu, kuna mlio ambao karibu kila mtu anaujua hata kama hajawahi kuupa jina. Injini imewashwa, haijapewa kazi yoyote, lakini badala ya kutulia inaenda "vuuum... vuu... vuuum... vuu", kama mtu anayekimbia kisha anakumbuka kutembea. Utausikia kwenye trekta dogo la kukatia nyasi, lile ambalo dereva anakaa juu yake akizunguka uwanja wa mpira. Utausikia pia kwenye jenereta ya steshenari umeme ukikatika, taa zikipata nguvu na kufifia. Mafundi wa mtaani husema sailensi inacheza.

Mimi nasoma ualimu, sio uhandisi. Kwa hiyo nitaandika kwa mpangilio tunaofundishwa kuutumia darasani: kwanza tuelewe kinachotokea, halafu ndiyo tushike spana. Na jambo kubwa la kubeba ni hili: mara nyingi injini ya namna hii ina njaa ya mafuta, na gavana inayoonekana kuhangaika ndiyo inayojaribu kuiokoa. Anayekimbilia kukaza springi ya gavana ili kelele iishe ni sawa na mzazi anayemziba mdomo mtoto anayelia njaa. Kelele itapungua, njaa itabaki.

Gavana inafanya nini?

Kwenye kabureta kuna kilango cha duara ambacho mafundi wengi hukiita kipepeo. Kikifunguka, hewa na mafuta vinaingia kwa wingi na injini inakimbia. Kikifunga, inapungua. Kwenye gari, mguu wako ndio unaoamua. Kwenye mashine ya nyasi au jenereta, anayeamua ni gavana.

Ndani ya injini kuna vizito vidogo vinavyozunguka. Injini ikienda kasi, vizito vinatanuka na kusukuma mkono unaofunga kipepeo. Upande wa pili kuna springi inayovuta kipepeo kifunguke. Hivi viwili vikilingana nguvu, mwendo unatulia. Fikra hii ni ya zamani: James Watt aliweka gavana ya vizito kwenye injini yake ya mvuke mwaka 1788. Na mwaka 1868 mwanafizikia James Clerk Maxwell aliandika makala ya hesabu akieleza kwa nini gavana nyingine hutuliza mwendo na nyingine huuyumbisha. Kwa hiyo mlio huu unaotuudhi una historia ya heshima kabisa.

Sasa tazama mzunguko wenyewe. Petroli huungua vizuri ikipata takriban gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu 1 ya mafuta. Injini ikiwa haina mzigo, kipepeo kinakuwa karibu kimefungwa, na mafuta yanapita kwenye kitundu chembamba sana ambacho kazi yake ni mwendo mdogo tu. Kitundu hicho kikiziba nusu, mafuta yanakuwa machache kuliko hewa. Nguvu inaanguka na mwendo unashuka. Gavana inaona hivyo, inafungua kipepeo. Hapo mafuta yanaanza kuja kupitia jeti kubwa, injini inaruka juu. Gavana inaona mwendo umezidi, inafunga. Tunarudi kwenye kitundu kilichoziba. Vuuum... vuu.

Injini mpya ndiyo zinadeka zaidi. Marekani, ambako matrekta mengi ya aina hii hutengenezwa, iliweka viwango vya moshi kwa injini ndogo za petroli kuanzia mwaka 1997. Tangu hapo kabureta nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimebanwa mafuta, na skrubu za kurekebishia zimefungwa. Hakuna akiba. Uchafu kidogo tu, injini inalalamika.

Uliza maswali kabla ya kufungua kitu

Ukaguzi mzuri unaanza na maswali ambayo mashine yenyewe inaweza kuyajibu.

Swali la kwanza ni la choki. Injini ikishapata moto na inacheza, vuta choki taratibu hadi nusu. Choki inapunguza hewa. Injini ikitulia, imekuambia wazi kwamba mafuta ni machache au kuna hewa ya wizi inayoingia. Ikizidi kukohoa na kutoa moshi mweusi, tatizo liko upande wa pili: mafuta ni mengi, na mtuhumiwa wa kwanza ni filta ya hewa iliyojaa vumbi.

Swali la pili ni la mzigo. Dereva akae kwenye kiti, watu wasogee mbali, kisha awashe visu. Kama ni jenereta, chomeka pasi ya umeme. Usichomeke laptop yako, umeme unaoyumba utaiua. Mlio ukitulia chini ya mzigo, anza kushuku kile kitundu cha mwendo mdogo. Ukiendelea au injini ikataka kuzima, basi mafuta hayafiki vya kutosha hata kwenye jeti kubwa, na lazima uanzie kwenye tangi.

Swali la tatu ni la plagi. Zima, subiri ipoe, ifungue. Ncha yenye rangi ya kahawia hafifu ni afya. Nyeupe kama chaki inaonyesha mafuta machache. Nyeusi ya masizi inaonyesha mafuta mengi.

Maswali matatu, gharama sifuri. Hapo tayari umepunguza njia za kupotea.

Panda ngazi, anza na kisicho na gharama

Kabla ya kugusa chochote: injini iwe imezimwa na imepoa, waya wa plagi uchomolewe, terminali hasi ya betri ilegezwe, mko nje kwenye hewa, na hakuna mwenye sigara. Visu vya mashine hii havina huruma na kidole.

Ngazi ya kwanza ni mafuta yenyewe. Petroli iliyokaa tangini zaidi ya mwezi huanza kuchacha na kuacha utomvu unaonata. Mashine iliyolala likizo nzima na mafuta yake ni mgonjwa anayejulikana kabla hajafika zahanati. Mwaga kwenye chombo salama, weka mapya.

Ngazi ya pili ni mfuniko wa tangi. Una kitundu cha kuingiza hewa. Kikiziba, mafuta yanashindwa kushuka, kama maji kwenye chupa uliyoziba mdomo. Legeza mfuniko kidogo kabla ya kuwasha. Injini ikitulia, umeponya mashine kwa kitambaa na sindano.

Ngazi ya tatu ni njia ya mafuta. Angalia mpira kama umepasuka au umekunjika. Kagua filta, kama ina mshale, uelekee kwenye kabureta. Matrekta mengi yana pampu ndogo inayosukumwa na pumzi ya injini yenyewe kupitia mpira mwembamba. Mpira huo ukipasuka, au utando wa ndani ukichanika, mafuta yanakuja kwa kusuasua.

Ngazi ya nne ni hewa ya wizi. Kati ya kabureta na injini kuna gasketi na boliti. Zikilegea kwa mtikisiko, hewa inaingia bila kupita kwenye kabureta. Rudisha waya wa plagi na terminali ya betri, washa injini, nyunyizia maji kidogo sana ya sabuni kwenye maungio hayo. Mlio ukibadilika pale pale, umempata mwizi. Watu wengi hutumia dawa ya kusafishia kabureta kwa kipimo hiki. Inafanya kazi, lakini inawaka moto, na mbele ya sailensa yenye joto sioni sababu ya kujaribu bahati.

Ngazi ya tano ndiyo kabureta. Zima tena, chomoa tena waya wa plagi na terminali ya betri. Piga picha kwa simu kila springi na kijiti kabla ya kutoa, maana tundu moja la pembeni linabadilisha kila kitu. Funga mafuta, toa kikombe cha chini, safisha boya, jeti kubwa na jeti ndogo. Vaa miwani, puliza dawa na hewa kila tundu hadi uone mwanga upande wa pili. Usitumie keekee wala msumari. Uzi mmoja wa waya laini wa shaba unatosha. Tundu ukilipanua, umenunua kabureta.

Baada ya kila ngazi, washa na usikilize. Usibadilishe vitu vitatu kwa mkupuo. Mashine ikipona baada ya vitu vitatu, hujui kipi kiliiponya. Mwezi ujao ikirudia, utalipa tena vyote vitatu.

Gavana ni ya mwisho

Kama yote haya ni safi na bado inacheza, sasa ndiyo uiangalie gavana. Springi imelegea? Imewekwa tundu lisilo lake? Kuna kijiti kinachokwama kwa kutu au nyasi kavu? Mara nyingi jibu ni kusafisha tu.

Lakini kukaza springi kwa kubahatisha ni hatari ya kweli. Jenereta nyingi ndogo za umeme wetu wa hezi 50 huzunguka mara 3,000 kwa dakika. Injini nyingi za matrekta ya nyasi zimewekewa kikomo cha karibu 3,600. Ukizivusha hapo, jenereta inatoa volti za kuua friji za watu, na kwenye trekta konrodi inaweza kukatika na kutoboa ubavu wa injini. Kosa la kitundu kidogo kuliko ncha ya sindano linageuka kuwa kifo cha mashine nzima. Na anayelaumiwa ni nani? Mara nyingi ni yule dereva anayelipwa kwa siku, aliyeikabidhi kwa fundi ikiwa inacheza na akaipokea ikiwa imetulia kwa muda.

Tunaoenda kufundisha

Wenzangu wa ualimu, hasa wa fizikia, mtakapoenda mazoezi ya kufundisha mtatafuta mfano wa mrejesho: mfumo unaojipima na kujirekebisha. Waonyesheni wanafunzi gavana. Wachore mzunguko ule wa kufungua na kufunga, kisha waulize: kasoro iko wapi? Darasa zima litaonyesha kidole kile kinachotikisika, kwa sababu ndicho kinachoonekana. Hapo ndipo somo linapoanza.

Tutakutana pia na wanafunzi wa namna hiyo. Wiki hii yuko juu, wiki ijayo yuko chini, anasumbua dawati la nyuma. Rahisi ni kukaza springi: adhabu, ukimya, darasa limetulia. Choki ya kuvuta nusu ni swali dogo tu la pembeni: umekula leo? Unalala wapi? Nani anakusaidia kazi za nyumbani? Sio kila mara jibu litakuwa njaa, lakini ukishauliza, unajua unashika ngazi gani.

Na ninyi mnaokodisha jenereta kwenye shughuli ili bumu lisogee, ikianza kucheza mbele ya wageni msiiguse springi. Ondoeni spika na vyote vya elektroniki, zimeni, legezeni mfuniko wa tangi, washeni tena, vuteni choki nusu, sikilizeni. Itakuwa imeshawaambia nusu ya jibu.